Upande wa Kulia ni wa Wataalamu

Crispin aliliona lile sanduku kabla hajaagiza hata soda. Lilikuwa nyuma ya kaunta ya baa ya Lutengano, pale Mwanjelwa, Mbeya, limefunikwa gunia na juu yake zimepangwa chupa tupu. Mtu mwingine angeona chupa. Crispin, mwana wa Kihesa, Iringa, mwenye suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo ambacho Mungu alimnyima, aliona ng'ombe.

Nitaeleza ng'ombe ametoka wapi. Kwanza sanduku lenyewe.

Lilikuwa na sahani mbili za kuchezea santuri, moja kushoto, moja kulia. Katikati vilipangwa vifundo vya rangi, na chini yake mshikio mdogo wa kutelezesha huku na huku. Ilikuwa mashine ya disko. Mwaka ule wa 1978 vijana wa Mbeya waliizungumzia mashine kama hiyo kuliko walivyozungumzia mbolea, ingawa viongozi walikuwa wamewasihi sana wafanye kinyume.

"Nzima hii, ndugu yangu?" Crispin aliuliza.

"Nusu," alijibu Lutengano, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. "Kushoto kunaimba. Kulia kumekufa tangu Pasaka. Fundi alitaka kuifungua nikamkatalia. Yule akifungua kitu, hakifungiki tena."

Sasa ng'ombe. Crispin alikuwa anampenda Rozalia, binti wa Mzee Kalinga wa Ipogolo, na hilo lilikuwa jambo la pekee maishani mwake alilolifanya bila hila. Mzee Kalinga alikuwa amepika misheni miaka ishirini na sita, akazoea chai ya maziwa, na tangu astaafu alikunywa ya rangi kwa uchungu mkubwa. Akatamka sharti moja tu. Atakayemleta ng'ombe wa maziwa na ndama wake kabla ya mwisho wa Juni, huyo ndiye mkwe. Asipopatikana, Rozalia ataolewa na Liberatus, karani wa duka la ushirika, ambaye tayari ameahidi mbuzi wawili na gunia la sukari, na sukari wakati huo watu waliiona ndotoni. Ilikuwa tarehe tatu Juni. Crispin hakuwa na ng'ombe, wala kazi ya kumpatia ng'ombe.

Alichokuwa nacho ni gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Juu vilikuwa vitunguu vizuri, vyekundu, vya kumliza mtu mzima. Kuanzia kiunoni kwenda chini gunia lilikuwa na magunzi ya mahindi. Lutengano alifungua mdomo wa gunia, akanusa, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akampa sanduku pamoja na spika zake mbili, betri ya lori na santuri kumi na moja. Crispin hakuona haja ya kumsumbua kwa habari za chini.

Siku ya pili alikuwa juu ya lori la mpunga, anateremka kuelekea bonde la Usangu. Alishasikia kwamba huko ng'ambo ya Rujewa wamehamia wafugaji kutoka Usukumani, watu wenye ng'ombe wengi na, kwa hesabu zake, wasiojua chochote kuhusu mashine. Njiani alimwomba utingo amfundishe salamu. Mtu mstaarabu haendi kumwibia mwenzake bila kumsalimu.

"Mwangaluka, baba!" alisema alipofika kwenye mji wa Mzee Ndalahwa.

"Mwangaluka mhola," aliitika mzee, anasokota kamba. Pembeni yake binti yake, Mbuke, alikuwa ameipindua baiskeli miguu juu, anaziba pancha. Alimtazama mgeni, akatazama raizoni zake, akarudi kwenye pancha.

Crispin alilipanga sanduku juu ya meza, akaunga waya kwenye betri, akaweka santuri upande wa kushoto. Rumba likatoka. Ndama walikimbia, kuku wakakimbia, watoto wa mji mzima wakaja mbio. Mzee Ndalahwa aliacha kamba.

"Hii, baba, ni mashine ya wanaoanza," Crispin alisema, na hapo sauti yake ikanona, maana ndiyo ilikuwa kazi aliyoumbiwa. "Zipo nyingine mjini, mtu anazisomea miaka mitatu, akitoka huko ana mvi. Hii chai haijapoa umeshaielewa. Kifundo chekundu ni cha vijana, kinatoa ile sauti kali. Cha bluu ni cha wazee, kinatoa mvumo wa chini. Ukiona wazee wamesinzia, unawazungushia chao. Na hivi vya kuvaa masikioni ni vya kuonjea. Unausikia wimbo wewe mwenyewe kabla ya watu, ukiona chumvi haitoshi unatoa."

"Na hako ka mshikio?" aliuliza Mbuke bila kuinua uso.

Crispin alikasukuma kulia. Muziki ukakatika.

"Imekufa," alisema Mzee Ndalahwa.

"Haijafa, baba. Hiyo ni ya hotuba! Mgeni rasmi akisimama unasukuma kulia, kimya. Mashine za wataalamu hazina adabu hiyo. Mheshimiwa anahutubia, zenyewe zinampigia kelele."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alishawahi kuona wageni rasmi wakipigiwa kelele.

Mbuke aliiacha baiskeli, akaja akiwa bado na gundi vidoleni. "Na hii sahani ya kulia, kaka?"

"Upande wa kulia ni wa wataalamu. Kiwandani wameufunga makusudi. Anayeanza akipewa pande mbili mara moja anachanganyikiwa, dada. Wengine wamelazwa."

"Utafunguka lini?"

"Ukishaiva, unafunguka wenyewe."

Nawaomba mtulie hapo kidogo, mumwonee Crispin huruma. Bonde lote la Usangu lilikuwa na Wasangu, Wahehe, Wabena na Wanyakyusa, ambao angewauzia nusu ya mashine wakaicheza mpaka ikachakaa bila kuulizia nusu ya pili. Yeye aliwachagua Wasukuma. Wasukuma wana ngoma mbili zinazopingana tangu enzi za mababu, Bagalu na Bagika, na siku ya mashindano zote huchezwa saa ileile kwenye uwanja mmoja, hawa huku na hawa kule. Hakuna mwamuzi. Watazamaji hukimbia huku, wakisikia kule kumechangamka hukimbia kule, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kitu chenye pande mbili na mshikio katikati, huhitaji kumweleza ni cha kazi gani.

"Mimi ni Bagika," Mbuke alisema polepole. "Mwaka jana siku ya Sabasaba watu wote walikwenda kwa Bagalu. Sisi tulibakiwa na mbwa wawili. Mwaka huu nataka watu warudi. Sasa hii sahani moja, kaka, inashindana na nani?"

"Inashindana na... inajishinda yenyewe," alisema Crispin. "Ndiyo maana ni nyepesi kwa anayeanza."

"Na nikivaa hivi vya masikioni naonja nini, kama kule kwingine hakuzunguki?"

Crispin alisema swali hilo ni la darasa la tatu, wao bado wako la kwanza. Wakakubaliana atakaa siku mbili kumfundisha, kisha yatasemwa mambo ya bei. Mchana aliletewa wali wa Usangu, mweupe, na samaki wa mtoni, akala kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye kazi yoyote, halafu akalala kwenye kivuli cha ghala na raizoni zake miguuni.

Mbuke alimsikiliza mpaka alipoanza kukoroma. Akachukua bisibisi ya baiskeli, akalipindua sanduku kama alivyoipindua baiskeli, akafungua kifuniko cha chini. Ndani hamkuwa na kufuli la kiwandani. Mlikuwa na vigurudumu viwili. Cha kushoto kilikuwa na mkanda wa mpira unaokiunganisha na sahani. Cha kulia kilikuwa kitupu, na mkanda wake ulikuwa umekatika, umelala pembeni na vumbi la toka Pasaka. Basi ugonjwa wote ni huo.

Alikata utepe mwembamba kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, akaufunga, akaunyoosha, akauvika. Sahani ya kulia ikazunguka. Akavaa vile vya masikioni, akaweka santuri moja huku na nyingine kule, akatelezesha kale ka mshikio taratibu. Masikioni mwake Bagalu wakaondoka, Bagika wakaingia, na hakuna mtu aliyejua uwanja umebadilika saa ngapi. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Halafu akautoa ule utepe, akautia mfukoni, akafunga kifuniko, akaenda kumwambia baba yake. Walicheka kidogo. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuzungumza habari za ng'ombe.

Siku mbili zilipotimia Crispin alimsifu mwanafunzi wake kwamba ameiva nusu, akataja bei: ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Alitegemea kubishana mpaka jioni. Mzee Ndalahwa alikubali papo hapo, jambo ambalo lingemshtua tapeli yeyote aliyekuwa amelala vizuri na kula vibaya. Crispin alikuwa amekula vizuri.

Ng'ombe aliletwa. Alikuwa mweupe, masikio mekundu, na ndama wa kike nyuma yake. Crispin, aliyekuwa anawajua ng'ombe kwa mchuzi tu, alimzunguka kwa macho ya mnunuzi. Alihesabu miguu, ikatimia. Alihesabu pembe, zikatimia. Mbuke alichutama na kibuyu, akakamua, maziwa yakachuruzika kwa sauti nzuri kweli. Crispin aliyaona yakitoka akatosheka. Hakuuliza yanatoka wapi.

"Huyu," alisema Mzee Ndalahwa, "ni ng'ombe wa mtu anayeanza kufuga. Mpole. Hana mambo mengi."

"Ndiye ninayemtaka, baba."

"Una swali? Uliza sasa, kijana. Akishapanda lori, amepanda."

"Sina swali, baba."

"Hata moja?" aliuliza Mbuke.

"Dada, mimi nikikitazama kitu nimekijua."

Mbuke alimwandalia maziwa ya njiani. Crispin aliondoka anaimba, na kwa heshima ya ukweli niseme kwamba alikuwa na sauti nzuri.

Jumapili ya mwisho ya Juni, baada ya misa, nyumbani kwa Mzee Kalinga pale Ipogolo watu walikuwa wamekaa kwa mpango. Mzee kwenye kiti chake, amevaa koti, kikombe kitupu mkononi. Mkewe, Mama Severina, mlangoni. Rozalia nyuma ya pazia, upande ambao pazia lilikuwa na tundu. Mshenga wa Crispin, Jailos, alisimama akausifu ukoo wa Crispin kwa muda mrefu, na wengi walishangaa kusikia una sifa hizo. Liberatus naye alikuwepo. Alisema amepita tu.

"Kamwene," Mzee Kalinga aliwasalimu kwa Kihehe, maana alikuwa mwenye furaha. "Mama, hebu tuone hiyo chai."

Mama Severina alikuwa amekamua tangu utotoni. Alikiosha kiwele, akaketi kwenye kigoda, akashika chuchu za kushoto. Maziwa yakagonga ndoo. Watu wakapiga makofi, na nyuma ya pazia mtu akapiga kigelegele kifupi. Akahamia za kulia. Akavuta. Akavuta tena. Akainama akatazama.

"Crispin," alisema, "huku kukavu."

"Kukavu vipi, mama?"

"Kukavu kabisa. Chuchu mbili za kulia zimekufa zamani. Huyu ng'ombe ni nusu."

Uwanja mzima ukamgeukia Crispin. Alikuwa amewahi kugeukiwa na viwanja, na siku zote mdomo ulimwokoa. Akaufungua sasa kwa imani, akauachia ufanye kazi.

"Mama, huyu ni wa wanaoanza," mdomo ulisema. "Upande wa kulia..."

Hapo akayasikia maneno yenyewe, akayatambua. Akaiona ile baiskeli iliyopinduliwa na uso wa Mbuke akiuliza, hata moja? Jasho likamtoka chini ya koti la kuazima.

"Malizia," ilisema sauti ya Rozalia nyuma ya pazia. "Upande wa kulia nini?"

"...ni wa wataalamu," alisema Crispin kwa sauti ndogo.

Mama Severina aliinuka kwenye kigoda. "Mtaalamu ni mimi, mwanangu. Miaka arobaini. Nimevuta, hakuna kitu."

Liberatus alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Kalinga hakucheka. Alisema kijana aliyefanya mzaha na mahari mbele ya wazee hutozwa faini, na faini yenyewe ni ng'ombe huyo na ndama wake, kwa kuwa nusu ya maziwa ni afadhali ya chai ya rangi. Binti yake hataozwa kwa nusu ya kitu. Jailos alijaribu kusema neno, akakumbuka ana safari.

Crispin alirudi Usangu kwa hasira, kwa miguu na kwa lifti za malori. Alifika mchana wa Sabasaba. Ngoma za Bagalu zilikuwa zinalia upande mmoja wa uwanja, na walikuwa na mbwa wawili. Watu wote walikuwa upande wa Bagika, wamemzunguka Mbuke. Sahani zote mbili zilizunguka. Wimbo mmoja uliingia ndani ya mwingine bila kuacha pengo la mtu kuvuta pumzi, na mbele yake wachezaji walirusha majembe hewani na kuyadaka, na vumbi likawafika viunoni.

Alimsubiri amalize. "Mmenitapeli!" alimwambia. "Ng'ombe wenu ni nusu!"

"Shikamoo ya baba umeiacha njiani?" alisema Mbuke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," aliitika Mzee Ndalahwa, anatafuna muwa.

"Sisi hatutaki ugomvi, mwalimu," Mbuke aliendelea. "Mrudishe ng'ombe, nami nakurudishia mashine kama ulivyoileta." Akaipindua, akafungua kifuniko, akachomoa utepe mmoja wa mpira mweusi. Sahani ya kulia ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama. "Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Crispin alikitazama kile kipande cha tyubu ya baiskeli. Kitu ambacho angekiokota popote, barabara nzima kutoka Mbeya mpaka Iringa. Alijiona mjinga kwa namna ambayo hakuwahi kumfanya mtu mwingine ajione, na ng'ombe wa kurudisha hakuwa naye.

"Mnahitaji mtu wa kubeba spika?" aliuliza hatimaye.

Walihitaji. Mzee Ndalahwa alimwahidi mtamba mmoja mwishoni mwa Septemba, na safari hii Crispin aliomba aonyeshwe. Alichutama, akahesabu chuchu mwenyewe, moja moja, akazivuta kidogo, akapigwa teke la goti, akasema sawa. Basi akabeba spika, akabeba betri, akapangusa santuri. Mbuke alimfundisha kazi ya pande mbili kuanzia mwanzo. Hakumficha kitu, na hilo lilimsumbua Crispin kuliko teke.

Mwishoni mwa Septemba disko la Mbuke, ambalo jina lake lilishafika Iringa, liliitwa kupiga kwenye harusi. Ya nani, Crispin hakuuliza. Bado hakuwa na tabia ya kuuliza. Lori lilipokata kona pale Ipogolo na kuingia kwenye uwanja anaoujua, moyo ulimwuma sana, akashusha spika bila kuangalia pembeni.

Rozalia alikuja mwenyewe katikati ya shughuli, na shela lake, wakati Mbuke amekwenda kula.

"Crispin. Nasikia umepata kazi."

"Nimepata."

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Na mtamba nimepata. Ana chuchu nne."

Rozalia alirekebisha shela. "Ungeanza na hiyo," alisema, akarudi kwa Liberatus.

Mzee Kalinga akasimama kuhutubia. Crispin alikuwa peke yake kwenye mashine, macho yamemjaa maji, na mkono wake ukasahau miezi miwili na nusu ya mafunzo ukaukumbuka uongo. Ukasukuma mshikio kulia, ili kuwe kimya. Upande wa kulia, wenye mkanda wa tyubu ya baiskeli, ukalipuka kwa rumba kali kuliko zote za siku hiyo. Mzee alihutubia midomo tu. Watu wakadhani ndiyo ishara, wakaingia uwanjani kucheza, na hotuba yake, iliyoandikwa karatasi tatu, haijasikiwa na mtu mpaka leo.

Baadaye, mambo yalipotulia, Mama Severina alipita akiwagawia wafanyakazi chai. Alimpa dereva, akampa Mbuke, akamfikia Crispin aliyekuwa amekaa juu ya spika. Chai ilikuwa ya maziwa, ya moto, ina sukari. Kikombe kilikuwa nusu.